Arobaini ya babu na bushi za Land Rover

"Mama, si uzikaze kabisa sasa hivi, halafu ndiyo tuishushe?"

Mwanangu aliniuliza hivyo Jumamosi, hapa kwetu Chuno, Mtwara. Mimi nimelala juu ya boksi lililokunjuliwa, Corolla iko juu ya stendi, bushi mpya za mikono ya mbele, vile viungo vya chuma na mpira vinavyoushika mkono wa gurudumu kwenye gari, zimeshaingia. Swali la haki kabisa. Gari likiwa juu nati zinafikika, spana inapata pa kuzungukia, na chai ilikuwa mezani inapoa. Nikamwambia hapana, bolti za bushi hazikazwi gari likiwa linaning'inia. Akataka kujua nani kasema. Nikamjibu, mjomba. Hakuridhika, na mimi sikuendelea, maana jibu lenyewe lina arobaini ya babu ndani yake.

Ile Land Rover 109 ya mjomba, ya kijivu, ya kubebea watu na ufuta. Ilikuwa mwanzoni mwa 1998 na mvua za El Niño zilikuwa zimetukata na Dar. Rufiji haikuwa na daraja bado, la Mkapa limefunguliwa 2003. Magari yalivushwa kwa kivuko pale Ndundu, na bonde likijaa maji hapakuwa na kivuko wala kuvuka. Kwa hiyo bushi za mjomba zilikuja kwa meli mpaka Mtwara, kisha zikapanda basi la Lindi ndani ya mfuko wa rambo, zimefungwa kwa gazeti.

Hizo zilikuwa za pili. Za kwanza alikuwa amefungiwa gereji mwanzoni mwa msimu wa korosho na hazikumaliza hata msimu. Gari likarudi kugonga nyuma, ukikata kona kitako kinachelewa, halafu kinakuja chote kwa mkupuo. Barabara ya Rutamba wakati ule ilikuwa imechimbwa na maji, makorongo kushoto na kulia, na nyuma wamekaa mama za watu na watoto wao. Mjomba aliyekuwa akiendesha huku akisimulia mpaka tunafika, siku hizo alikuwa kimya njia nzima.

Fundi wake alisema bushi zilikuwa feki. Mjomba hakubishana naye. Aliichukua mojawapo ya zile zilizokufa, akaja nayo mezani kwetu Mtanda, mjini Lindi, na kuigeuzageuza usiku mzima. Mimi nilikuwa darasa la tano na nilikuwa namfuata kila anakokwenda, kwa hiyo alinifundisha mimi.

Bushi ile ni bomba dogo ndani ya bomba kubwa, na katikati yake mpira ulioshikana na vyuma vyote viwili. Bomba la nje linabanwa kwenye chasisi. La ndani linabanwa na bolti, likishakazwa halitoki lilipo. "Sasa shika," akaniambia, akanipa bushi mpya, yeye akaliminya bomba la ndani kwa koleo na kulizungusha. Niliuona mpira ukijisokota. Alipoachia, ukarudi. "Umeona kitu kinateleza hapo?" Hakikuteleza kitu. Springi, yaani vile vyuma bapa vilivyopinda vinavyobeba gari, ikipanda na kushuka, anayebeba mzunguko wote ni mpira, kwa kujisokota huku na huku kidogo kidogo. Ndiyo maana hakutaka kuona grisi karibu na bushi zile. Grisi inaula mpira. Alitumia maji ya sabuni ya mche tu, ziingie.

Kisha akaniuliza: ukikaza bolti gari likiwa juu ya jeki, springi imening'inia, mpira unalala katika hali gani? Nikamwambia umetulia. Na ukilishusha? Nikafikiri. Nikasema unajisokota. Basi, akasema, unakaa umejisokota mchana na usiku, hata gari likiwa limeegeshwa chini ya mwembe halina mtu. Shimo la kwanza linaukuta umeshachoka, linauchana. Hakumtaja fundi hata kidogo.

Jioni ya kuamkia arobaini ndipo bushi zilipofika na basi. Babu alikuwa baba mzazi wa mjomba, na wa mama yangu, na wa mama mkubwa. Dua ilikuwa Rutamba, baada ya adhuhuri, bibi yuko huko ndani ya eda anatusubiri, na mchele wa pilau, sufuria na mafuta vyote vilikuwa kwetu mjini. Gari la kutufikisha lilikuwa hilo hilo moja.

Usiku ule ulipita kwa karabai na nyundo. Bushi za chasisi za nyuma zilikuwa zimeganda na kutu, hazisukumiki. Mjomba akazichoma mpira wake mpaka ukatoka moshi mweusi mtaa mzima ukakohoa, akapitisha bapa la msumeno wa chuma ndani ya tundu, akalifunga tena kwenye fremu yake, akawa anakata lile ganda la nje taratibu, kila mara anasimama anapapasa kwa kidole asije akaingia kwenye chasisi yenyewe. Akishapata ufa anauinamisha kwa tindo, ganda linajikunja, linatoka. Kulipokucha mpya zilikuwa ndani, springi zimerudi, bolti zote zimeingia lakini kwa mkono tu.

Kijana wa gereji aliyekuja kutusaidia akashika spana. "Mzee, kaza twende. Saa nne hii."

"Shusha kwanza."

Gari likashuka. Mjomba akatuambia tulisukume mbele na nyuma likae vizuri, akaweka mawe kwenye magurudumu, halafu akasema pakieni. Wakaanza kupakia mchele. Akasema na watu pia. Gari hili halitembei tupu, kwa hiyo nitalikaza likiwa kama linavyotembea. Kaeni kila mtu mahali pake, msitikisike.

Hapo ndipo ninapoona kila kitu mpaka leo. Wanawake walipanda na kanga zao nyeusi, wakakaa kwenye mbao mbili zinazotazamana, mapajani watoto, miguuni sufuria. Mama alikuwa nyuma kabisa mlangoni. Mama mkubwa alikaa mbele, kama mkubwa wao, mkoba wa ubani juu ya magoti, ameangalia kioo. Mimi nilikuwa chini na tochi. Kila aliyepanda, niliona springi zikinyooka kidogo na vile vipande viwili vya chuma vinavyobeba ncha ya springi vikiinama kuelekea nyuma. Bomba la ndani la bushi, kwa kuwa lilikuwa bado halijabanwa, lilibaki pale pale, vile vipande vikazunguka polepole bila kulivuta, na mpira haukujua lolote. Mjomba alinionyesha kwa kidole. Hakusema neno. Uso wake ulikuwa umepakwa masizi na machozi ya moshi, na alikuwa na furaha, furaha ya kweli, asubuhi ya arobaini ya baba yake.

Akaanza kukaza. Gari lilikuwa limekaa chini sana, spana haikuwa na nafasi, ilizunguka kidogo inagonga mhimili, anaitoa, anaiweka upya. Nati baada ya nati, kushoto, kulia, mbele, nyuma. Jua likatusogelea. Mtoto mmoja akaanza kulia huko juu. Kijana wa gereji akaenda kukaa kivulini.

"Mdogo wangu," mama mkubwa akasema, bila kuinama, "watu wa Rutamba wanatusubiri kwa baba."

"Nasikia, dada."

"Unasikia, lakini unafanya nini?"

Hakujibu. Alikuwa kwenye nati ya nyuma kulia, ile ngumu kuliko zote, shavu lake limelala kwenye mchanga.

Tulitoka Lindi mchana umeshapinda. Gari lilitulia barabarani hata mama alisema, jamani hili ndilo lile lile? Kwenye mteremko wenye makorongo pande zote, mahali ambapo safari iliyotangulia watu waliteremka wakatembea kwa miguu, tulipita wote tumekaa. Mjomba akarudi kusimulia. Hakuna aliyemwitikia.

Dua ilikuwa imeshasomwa. Walitusubiri mpaka shehe akaona haiwezekani tena, majirani wa bibi wakachanga unga na mbaazi, watu wakala ugali kwenye arobaini ya mzee yule aliyelisha kijiji. Mama mkubwa alishuka garini, akaingia ndani kwa bibi na hakutoka mpaka magharibi. Sisi tulipika pilau usiku, tukala wenyewe kwa wenyewe. Kesho yake kurudi, alikaa nyuma na sufuria, kiti cha mbele akapewa jirani.

Bushi zile hazikubadilishwa tena mpaka mjomba alipoliuza gari, na aliliuza baada ya miaka mingi. Mafundi wanaosikia habari hii huniambia labda mpira wenyewe ulikuwa mzuri, ule wa zamani. Inawezekana. Lakini mimi nimeziona bushi nyingi zilizochanika baada ya muda mfupi, na mara nyingi nikiuliza zilikazwa vipi, jibu ni juu ya jeki.

Mama anasema mjomba angeweza kukaza vile vile, tukawahi dua, kisha akalegeza na kukaza upya tukisharudi. Kwa upande wa ufundi ana haki, hilo linafanyika. Mjomba anasema asingepakia watu kwenye gari ambalo kazi yake haijaisha, kwenye mteremko ule, na baba yake mwenyewe asingemruhusu. Naye ana haki. Mama mkubwa hajawahi kusema chochote. Kila tunapokutana kwenye shughuli, mjomba humtafutia kiti kizuri kabla hajaketi yeye, naye hukaa, humshukuru, wakazungumza habari za watoto na korosho. Ninaweza kumtetea mjomba mbele ya fundi yeyote. Mbele ya mama mkubwa sijawahi kufungua mdomo, na sidhani nitaufungua.