Land Rover ya Baba na chumvi ya Tanga

Wengi wetu tulioko huku Uingereza tukijaliwa fedha kidogo, la kwanza tunalowaza ni kumwagizia mzee gari la Japani. Mimi nimechagua njia nyingine. Baba yupo Tanga na Land Rover yake 109, Series III, yenye injini ya petroli ya cc 2,286, na fedha yangu nimeiweka humo. Jamaa wamenishangaa. Naeleza sababu, kwa kuwa najua wapo wazee wengine wenye gari la namna hiyo, limeegeshwa uani linangoja uamuzi wa mtoto aliye mbali.

Nina sharti moja tu. Kifaa chochote ninachokitia kwenye begi kwenda Tanga, fundi wa mtaa wa Ngamiani aweze kukifungua, kukielewa na kukirudisha wakati mimi nipo Birmingham. Kama kinahitaji kompyuta au mtu maalumu, nakiacha dukani, hata kikisifiwa vipi.

Watu wengi huanza na rangi. Kwa gari linaloishi pwani, rangi ndiyo ya mwisho. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu, kwa sababu mwaka 1948 gari hili lilipotoka chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita. Chasisi lakini ni chuma, tena ina uwazi ndani. Kusi ikivuma, unyevu wenye chumvi unaingia humo na kutu inaanza kula kutoka ndani, huku nje ukiiona ni nzima kabisa. Na pale aluminiamu inapogusana na chuma, chumvi ikikaa katikati, inayoliwa ni aluminiamu: utakuta unga mweupe kwenye maungio. Fundi wetu alilala chini ya gari na nyundo ndogo, akaigonga chasisi kipande kwa kipande. Penye uzima nyundo inalia, penye kuoza inatoa sauti butu. Alipopata sehemu mbovu aliikata hadi akafika kwenye chuma kizima, ndipo akachomelea pleti mpya. Kubandika kiraka juu ya kutu alikataa katakata, na hapo ndipo nilipojua gari lipo mikononi mwa mtu.

Ndani ya chasisi tulipuliza nta ya kuzuia kutu niliyotoka nayo huku. Wengi Tanga hupuliza oili chafu, nayo inasaidia, ila angalia isifike kwenye mipira ya breki. Oili ya injini huivimbisha ile mipira, na mpira uliovimba siku ya shida haukuokoi.

Breki ndiyo sehemu niliyotumia fedha bila kusita. Paipu za zamani za chuma tulizitoa zote tukaweka za shaba iliyochanganywa na nikeli. Hazishiki kutu, na fundi anazikunja kwa mkono. Nilimnunulia pia kifaa cha kupanulia ncha zake, kikabaki gereji kwake, si kwetu. Mafuta ya breki nayo yasidharauliwe. Hunyonya maji kutoka hewani, na Tanga hewa yenyewe ni maji. DOT 4, daraja la mafuta tunayotumia, ikiwa mpya haichemki kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi, ila ikishanyonya maji kiwango hicho chaweza kushuka hadi 155. Baba ana wakwe Lushoto. Ile barabara ya kuteremka hadi Mombo, kona juu ya kona na korongo pembeni, si mahali pa kugundua kwamba pedali imelegea.

Kwenye umeme niliboresha mawili. Taa kwanza. Katika nyaya za asili, umeme wote wa taa kubwa unapita kwenye swichi ya kale, sehemu yake inapotea njiani, taa inatoka ya njano. Tuliweka rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) na fyuzi, tukavuta waya mnene moja kwa moja kutoka betri. Balbu nilichagua H4 za kawaida, kwa sababu ikiungua, Baba atapata nyingine hata Muheza. Za LED sikuzitaka.

La pili ni kuondoa platini, vile vipande vinavyokata umeme ili plagi zitoe cheche, na kuweka mfumo wa kielektroniki ndani ya distribyuta ileile inayogawa umeme kwa plagi. Kabla ya kuukubali nilimwomba fundi aufunge, aufungue, arudishe platini, apime nafasi yake milimita 0.35 hadi 0.40, awashe gari. Likawaka. Platini na kondensa sasa zimo kwenye kopo chini ya kiti cha dereva.

"Mwanangu," fundi aliniambia kwa sauti ya WhatsApp, "usinitumie mashine kubwa. Nitumie picha ya ndani yake, mengine niachie." Tangu hapo kila spea inatanguliwa na picha.

Kuhusu kutoa injini na kuweka dizeli ya Kijapani, nimeulizwa sana. Kwa gari la kubeba mizigo kila siku hata mimi ningefanya hivyo, petroli inayonywewa na injini hii si mchezo. Lakini Baba anakwenda sokoni, msikitini, mara mojamoja shambani. Kubadili injini ni kubadili pia vishikizo, rejeta, hata uzito wa mbele, na gari analolijua kwa sauti lingekuwa geni kwake akiwa na umri ule.

Kilichobaki ni boriti ya nyuma ya chasisi. Huku inauzwa mpya, maana gari hili lilizaliwa Solihull, jirani hapa, na spea zake bado zinatengenezwa. Shida ni urefu na uzito, begi la kilo 23 haliwezi. Fundi anataka kuikunja mwenyewe kwa pleti ya Tanga, nami nakubaliana naye. Kama yupo aliyewahi kuitengeneza Mombasa au Dar na imedumu misimu kadhaa ya kusi, naomba anitajie unene wa pleti aliyotumia.