Matembezi ya bei nafuu Mombasa: anza na hesabu ya maji

Kabla ya kuuliza nauli wala bei ya boti, uliza leo ni mwezi ngapi. Nasema mwezi wa kuandama, ule ulio kwenye kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa ukutani. Kalenda hiyo ni jedwali la maji, na maji ndiyo yanayoamua kama Jumamosi yako itakuwa ya bure au ya kutoa pesa. Wako watu hulipa boti kufika mwambani, na lau wangengoja siku chache wangefika kwa miguu.

Hesabu yenyewe ni hii. Maji hujaa mara mbili na hupwa mara mbili kwa siku, na kutoka kujaa hadi kupwa ni saa 6 na dakika kidogo. Mwezi 1 hadi 3, na tena mwezi 15 hadi 17, ni bamvua: maji hujaa sana na hupwa sana, tofauti ikifika mita 3 na zaidi. Siku hizo hapa kwetu maji hupwa kabisa kati ya saa 4 na saa 6 za mchana, na hujaa kabisa kati ya saa 10 na saa 12 jioni. Kila siku inayofuata ongeza kama dakika 50. Ukifika mwezi 8 au 9, na tena 22 au 23, ni maji mafu. Tofauti hupungua hata kukaribia mita 1, na saa zimepinduka: maji hujaa asubuhi saa 4 au 5, hupwa alasiri. Ukitaka dakika kamili, tazama jedwali la maji la bandari ya Kilindini kwenye simu, lakini kupanga wikendi ya mwezi ujao kalenda yatosha.

Kwa hivyo asubuhi ya bamvua ni ya mwambani. Asubuhi ya maji mafu ni ya kuogelea, na ya mikokoni.

Kwa mwambani, kusini nenda Tiwi, kaskazini nenda Kanamai. Tiwi unavuka Likoni kwa feri, na mwenda kwa miguu halipi. Ukivuka asubuhi kuelekea kusini unapishana na umati, kwani wakati huo wengi wanaingia kisiwani kazini. Upande wa pili panda matatu ya Ukunda, sema utashuka Tiwi. Kutoka barabara kuu hadi ufuoni ni kama kilomita 3, na hapo usibane matumizi: chukua bodaboda. Njia hiyo watu wameporwa, hasa wenye mikoba na simu mkononi. Mkiwa wengi, gaweni nauli ya tuktuk.

Ufike ufuoni saa moja na nusu kabla ya maji kupwa kabisa. Uyafuate yakitoka, uwe mwambani yanaposimama, na uanze kurudi papo hapo, usizidishe nusu saa. Watu hushikwa na maji mwambani kwa sababu mbili. Ya kwanza, maji hayarudi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza yanapanda kidogo tu, unajiambia bado kuna wakati. Saa ya tatu na ya nne ndipo nusu ya maji yote yanarudi, na siku ya bamvua hiyo ni kama sentimita 80 kwa saa moja. Ya pili, mwamba uko juu kuliko wangwa ulio kati yake na mchanga. Wewe umesimama pakavu, na kule nyuma yako, njia uliyokuja nayo, maji yamefika kiunoni. Wakati wa kwenda, chagua alama mbili za pwani, tuseme mnazi na paa la nyumba, uzipange moja nyuma ya nyingine, urudi ukizifuata hizo hizo. Na kaa mbali na mlango, ile nafasi ya mwamba wanakopita wavuvi na vyombo. Maji ya kutoka na kuingia hukusanyika hapo, na mkondo wake hauna mshindani.

Viatu ni lazima. Champali hazifai: zinanasa kwenye majani na zinachomoka mguuni. Sandak za plastiki ni rahisi na zinakauka upesi, ila soli yake ni laini, mwiba mrefu unapenya. Raba kuukuu ya soli ngumu ndiyo bora, na Kongowea kwenye mitumba hukosi. Ukinunua, ikunje katikati. Soli ikifunguka pembeni iache, maji ya chumvi yataimaliza siku ya kwanza. Shati la mikono mirefu na kofia ya kufunga kidevuni vyatosha kwa jua. Maji ya kunywa, lita 2 kwa mtu kwa nusu siku, na chupa moja igandishwe usiku. Mahamri na mbaazi nunueni mjini kabla ya kuvuka.

Mtu akikanyaga wale wadudu weusi wa miiba mirefu, msichokore kwa sindano. Mwiba unakatika vipande vipande na kidonda kinaoza. Vuta unaojitokeza, kisha loweka mguu kwenye siki ya uvuguvugu. Vipande vidogo hulainika vyenyewe. Maumivu makali ya ghafla yanayopanda mguuni, bila mwiba wa kuonekana, huenda ni yule samaki anayefanana na jiwe. Huyo dawa yake ya kwanza ni maji ya moto kadiri mtu anavyoweza kuvumilia bila kuungua, loweka kwa nusu saa au zaidi, na safari ya hospitali ianze maji yakiwa bado moto. Chupa ya chai ya moto mkobani si ya chai peke yake. Kombe za umbo la pia, ile wanayochezea watoto, msiziokote hata zikiwa nzuri vipi: mwenye nyumba akiwa ndani ana sumu.

Pwani yenyewe ni ya nani? Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inahesabu ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Askari wa hoteli hawezi kukuondoa hapo, ingawa anaweza kukuzuia kupita kwenye ua wake. Basi ingia kwa njia za umma, kama ile ya Jomo Kenyatta, Pirates kwa jina la mtaani. Lakini kumbuka mwezi: jioni ya bamvua, saa 11, ile ardhi ya umma iko chini ya maji, na mahali pengi mawimbi yanapiga ukuta wa hoteli. Matembezi marefu ya ufuoni yafanywe asubuhi.

Maji mafu nayo yana raha yake. Maji yamejaa asubuhi, mkondo ni mdogo, na hori za Tudor na Mtwapa, ile mikono ya bahari inayoingia bara, zinaingilika kwa mtumbwi hadi ndani ya mikoko. Maji yakipwa, huko ni tope la magotini. Utaratibu wa wavuvi ni kuingia na maji na kutoka na maji: anza saa mbili kabla ya kujaa kabisa, yakusukume ndani, pumzika yanaposimama, kisha yakurudishe. Anayekwenda kinyume atalipa kwa mikono yake, au atamlipa mwenye mtumbwi kwa kazi ambayo maji yangeifanya bure. Bei ulizia ya chombo kizima kwa safari nzima, kwenda na kurudi, kabla hujakanyaga ndani. "Asalamu alaykum baba, chombo kizima mpaka mikokoni na kurudi ni ngapi?" Ukiuliza bei ya mtu mmoja utapewa bei ya mgeni.

Hesabu hiyo ya chombo kizima yafaa pia kwa boti za vioo za Hifadhi ya Bahari ya Mombasa. Hapo kuna ada ya hifadhi kwa kila mtu, mbali na boti, kwa hivyo uliza kama bei uliyotajiwa ina ada ndani au haina. Na ukikodishwa miwani ya kuzamia, ijaribu pwani: ibandike usoni bila kuvuta ukanda, vuta pumzi puani, achia mkono. Ikianguka, inavuja. Nywele zikiingia chini ya mpira inavuja pia, na wenye masharubu wapake mafuta ya mgando kidogo. Ndani ya kioo temea mate, sugua, suuza mara moja, ukungu hautakusumbua.

Haya yote ni ya majira ya upepo wa kaskazi, Desemba hadi Machi, na siku tulivu kabla yake. Kusi ikishika, Aprili hadi Septemba, bahari inachafuka, maji yana vumbi la mchanga, na mwani unajaa ufuoni. Boti wakati huo mimi naona ni pesa kutupa baharini. Nenda nchi kavu. Jumba la Mtwana, mbele kidogo ya Mtwapa, ni magofu ya mji wa Waswahili chini ya mibuyu, yakisimamiwa na Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya. Kiingilio cha raia ni kidogo, na ukishaingia una kivuli na ufuo siku nzima.

Shimba Hills, hifadhi ya wanyama upande wa Kwale, gharama yake kubwa ni gari, maana ndovu wapo na hapatembelewi kwa miguu kutoka langoni. Jazeni matatu ya watu 14 na mgawane. Ada hulipwa kwa eCitizen, si taslimu, kwa hivyo lipeni usiku mkiwa na mtandao mzuri, na kila mtu awe na kitambulisho, la sivyo bei ya raia hapewi. Muombe askari wa wanyamapori awapeleke maporomoko ya Sheldrick asubuhi mapema. Kushuka ni rahisi, mlima uko wakati wa kurudi, na jua la saa 6 ndilo linalowamaliza waliochelewa kutoka Likoni.