Jani Zima Ndani ya Birika

Jumamosi iliyopita nilimpeleka mama yangu kunywa chai ya alasiri katika hoteli moja ya kifahari hapa Kisumu, iliyofunguliwa tena baada ya ukarabati wa muda mrefu. Sitaitaja jina, kwa kuwa nina sifa za kuipa na lawama pia. Kuta zimepakwa rangi ya krimu, madirisha yamepanuliwa, na kutoka meza yetu tuliiona vizuri milima ya Nandi, ambako mama alichuna majani chai kwa miaka 22 hadi magoti yalipomshinda.

Desturi yenyewe ni ya Waingereza. Husimuliwa kwamba aliyeianzisha, katika miaka ya 1840, ni Anna, Dachesi wa Bedford, ambaye njaa ilikuwa ikimsumbua kila alasiri kwa sababu chakula cha jioni kililiwa usiku. Tuliletewa sahani tatu zilizopangwa ghorofa, zenye sandwichi za tango, skoni na keki ndogondogo. Vyote vilikuwa vitamu.

Nilichokifuata mimi ni chai, nayo birika la kwanza lilikuja vuguvugu. Kisumu iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hivyo maji hutokota yakiwa na nyuzi 96 hivi wala hayafiki 100. Yakikawia kidogo tu kabla ya kumiminwa juu ya majani, chai nyeusi haikolei. Mama alimwita mhudumu kwa upole: “Kijana wangu, pasha birika kwanza, kisha umimine maji yakiwa bado yanatokota.” Akajibu, “Sawa, mama,” na aliporudi, chai ilikuwa na rangi ya shaba, na harufu yake ilitufikia kabla hajaiweka mezani.

Baada ya kikombe cha kwanza, mama alichota majani yaliyobaki kwenye chujio, akayatandaza juu ya kisahani kwa ukucha. Moja lilifunguka likiwa zima, kingo zake zenye meno zikionekana, bado limeshikamana na chipukizi. Nyumbani tumezoea chai ya punje, ambayo kiwandani majani yake hukatwa, hupasuliwa na kuviringishwa kwa mashine, na ndivyo chai nyingi ya Kenya inavyotengenezwa. Hii ilikuwa imesokotwa bila kukatwakatwa. Mama aliliinamia kwa muda. “Hili lilichunwa kwa mkono,” akasema, “na aliyelichuna aliijua kazi.” Kwa miaka yote 22 hakuwahi kuonja chai ya namna hiyo.

Lawama yangu ni hii: kadi ya menyu ilieleza vigae vya sakafu vilitoka nchi gani, lakini chai iliandikwa “chai nyeusi” tu. Nilipomuuliza mhudumu, ilimbidi aende jikoni kuulizia, akarudi na jibu kwamba imetoka Nandi, kwenye milima ileile tuliyokuwa tukiitazama dirishani. Hoteli iliyogharamia kuta na madirisha kiasi hicho haishindwi kuchapisha neno moja zaidi, nami niliwaandikia hivyo kabla ya kuondoka.

Mama alikunywa vikombe vitatu bila maziwa. Kisha akalifunga lile jani ndani ya kitambaa cha karatasi na kulitia mkobani, akamwonyeshe jirani yetu ambaye walikuwa wakichuna naye mstari mmoja.