Hesabu Yasimama

Desemba 2000 nilikuwa mtafsiri katika jarida la habari la kila wiki. Jarida la wiki halina habari mpya: redio imeshasema, magazeti yameshaandika, msomaji anajua nani kapata nini. Linachouza ni namna ya kusimulia.

Marekani ilikuwa imepiga kura tarehe 7 Novemba na rais hajapatikana. Katika jimbo la Florida, ambalo ndilo lingeamua mshindi, mgombea George W. Bush alitangazwa kumzidi mpinzani wake Al Gore kwa kura 537 kati ya karibu milioni 6. Usiku wa tarehe 12 Desemba Mahakama ya Juu, majaji watano dhidi ya wanne, ikakataza kura zisiendelee kuhesabiwa upya. Jalada letu lilikuwa likisubiri kichwa cha habari.

Mhariri akaandika: "Hesabu Yasimama."

"Mzee," nikamwambia, "haikusimama yenyewe. Imesimamishwa, na aliyeisimamisha tunamjua."

"Dada, kichwa kifupi ndicho kinachosomeka."

Sikutulia. Nikatoa matoleo ya wiki zilizotangulia, nikapigia mstari vitenzi. Bush alikuwa "akisema" na "akieleza". Gore "akidai" na "akishikilia". Mmoja tulimwita mshindi mapema kabisa, mwingine mtu asiyetaka kukubali, ilhali kwa nchi nzima Gore ndiye aliyekuwa mbele kwa zaidi ya kura nusu milioni. Ukilichukua kila neno peke yake, huoni uongo. Yakiwa pamoja, yalikuwa yamekwisha kutoa hukumu kabla ya jaji yeyote.

Lililoniuma zaidi lilikuwa Palm Beach, wilaya mojawapo ya Florida. Karatasi ya kura ya wilaya hiyo ilipanga majina ya wagombea pande mbili, matundu ya kutoboa katikati, hata watu wengi wakatoboa pasipo pao. Sisi tulikuwa tumewaandika "wapigakura waliochanganyikiwa", kana kwamba kasoro ilikuwa vichwani mwao. Nikafuta, nikaandika "karatasi iliyowachanganya wapigakura". Mhariri alisoma mara mbili, akauliza kama nina picha ya karatasi yenyewe. Nilikuwa nayo. Aliitazama muda mrefu, kidole chake kikifuata mstari kutoka jina hadi tundu, kikakosea.

Kichwa kilibaki alivyokitaka, na mpaka leo naamini tulimficha mtendaji. Lakini aya ya Palm Beach ilichapishwa nilivyoiandika, picha ya karatasi kando yake, na kila "alidai" ya ukurasa ule ikawa "alisema".