Skrini inayozimazima kwenye gari la sloti la dijitali: jinsi nilivyotatua

Skrini ya OLED ya inchi 0.49, pikseli 64 kwa 32, inakaa vizuri nyuma ya kioo cha gari la sloti la kipimo cha 1/32, yaani gari dogo la kuchezea linaloongozwa na mfereji na kupata umeme kwenye reli. Shida: kila gari likipita kwenye swichi ya kubadili njia, skrini inazima na kuanza upya. Brashi (vipande vya waya chini ya gari vinavyochukua umeme relini) hupoteza mguso kwa kufumba na kufumbua, na maikrokontrola, kompyuta ndogo inayoendesha skrini, haivumilii hata hiyo.

Hapa Tanga hewa ya chumvi huzidisha kutu kwenye reli za chuma, kwa hiyo anza kwa kusafisha reli na brashi kwa spiriti. Hiyo hupunguza tu, haimalizi.

Dawa ni akiba ya umeme. Toa nyaya mbili kwenye brashi, kabla ya dikoda (saketi ya gari inayosoma amri zinazotumwa kupitia reli), uziingize kwenye daraja la dayodi, dayodi nne zinazofanya umeme uende upande mmoja. Baada ya daraja weka risista ya omu 47, halafu kapasita ya maikrofaradi 470, volti 25. Usiiruke risista: kapasita tupu huvuta mkondo mkubwa ghafla na kuvuruga mawasiliano ya dijitali relini. Kwa miliampia 30, kapasita hiyo ikishuka kutoka volti 13 hadi 5 inabeba mzigo takriban sekunde 0.12. Inatosha.

Kisha kishusha-volti cha MP1584, kirekebishwe kiwe volti 3.3 kwa mita KABLA ya kuunga skrini. AMS1117, kishusha-volti cha aina nyingine, achana nayo. Mwisho wa umeme inaoweza kupokea ni volti 15 na inachemka bure.

Skrini ikionyesha chengachenga, lehemu kapasita ya nanofaradi 100 kwenye miguu ya mota.