Kitoweo cha Pasaka Kinachoweza Kuwasubiri Wageni

Mjadala wa kitoweo cha Pasaka katika familia yetu huanza Jumapili ya Matawi, na kila mwaka huendeshwa kana kwamba jambo la kuamua ni moja tu: mnyama yupi achinjwe. Mwaka huu wa 2026, Pasaka inapoangukia Aprili 5, zamu ya kuwapokea ndugu imefika nyumbani kwetu Nyegezi, jijini Mwanza, na baada ya kumsikiliza kila mwenye maoni nimefikia msimamo ambao baadhi yao hawajaupenda. Ninaona kwamba sifa ya kwanza ya kitoweo cha siku hiyo si utamu wake, wala heshima anayoipata mwenye nyumba kwa kukiandaa, bali ni uwezo wake wa kuwasubiri wageni.

Tunatarajia watu 22, watoto wakiwamo. Sisi tutakuwa tumetoka misa; baba mdogo na watu wa nyumbani kwake wanasali AIC, kanisa la Africa Inland, ambako ibada ya sikukuu ikishanoga hakuna kwaya inayokubali kuimba wimbo mmoja; ndugu wa mama mkwe wanatoka Ukerewe kwa meli; na shemeji yangu anayeishi Geita, ambaye kwa miaka mingi alijitetea kwa foleni ya kivuko, amebaki bila utetezi tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, ingawa bado simtarajii kufika kwa wakati. Chakula kimetangazwa kuwa saa nane mchana. Kwa kuwa ninawafahamu watu hawa, mimi mwenyewe ninapanga mambo yangu nikihesabu saa kumi.

Kwa kipimo hicho samaki ndiye wa kwanza kuondoka kwenye orodha, jambo ambalo linaweza kumshangaza mtu asiye wa kwetu, kwa kuwa Ziwa Victoria tunaliona kutoka barazani na soko la samaki la Mwaloni, pale Kirumba, tunalifikia kwa daladala. Sato mzima aliyekaangwa na kutolewa kwenye mafuta dakika hiyo hiyo hana mpinzani, lakini akikaa nusu saa ngozi inalegea, na akipashwa moto tena anakauka. Kukaanga sato 22 kwa makundi, wageni wakiingia watatu watatu, ni kumfunga mpishi jikoni siku nzima. Sangara anavumilia kidogo zaidi kwa sababu ya mafuta yake, na watoto wanampenda kwa kuwa minofu yake haina miba midogo, lakini mchuzi wake ukichemshwa mara ya pili nyama inavunjikavunjika hadi sufuria inafanana na uji.

Ipo pia sababu ya kidini, ambayo kwa baba mkwe inatosha peke yake. Ijumaa zote za Kwaresima tumekula samaki na dagaa, na Ijumaa Kuu tutakula tena. Kwa hiyo, kwa maneno yake, samaki siku ya Pasaka ni Ijumaa Kuu iliyokataa kuisha. Hapo sina la kumjibu.

Kuhusu dagaa, ningependa kuongeza jambo ambalo wengi hulalamikia bila kuliunganisha na kalenda. Kila mwaka watu hushangaa kwamba dagaa wabichi huadimika Juma Kuu, na lawama huwaangukia wachuuzi. Pasaka huadhimishwa Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza unaotokea Machi 21 au baada ya hapo, na mwaka huu mwezi huo unapevuka Aprili 2, ambayo ni Alhamisi Kuu yenyewe. Uvuvi wa dagaa hutegemea giza: taa huwavuta juu ya maji, na mbalamwezi inapoangaza ziwa zima taa hizo hupoteza nguvu, hivyo wavuvi wengi hupumzika. Kwa namna ambavyo sikukuu hii inapangwa, Ijumaa Kuu itaendelea kuangukia siku za mbalamwezi. Anayetaka dagaa siku hiyo anunue wakavu mapema na asimlaumu mtu.

Kuku wa kienyeji alipendekezwa na wengi, na ninakubali kwamba mchuzi wake unasubiri vizuri. Kikwazo ni hesabu. Kwa watu 22 ningehitaji kuku sita au saba, tena wakubwa, na bei ya kuku mkubwa inapokaribia sikukuu haina huruma. Jogoo mzee huhitaji saa mbili au zaidi za moto hata ukimpaka papai bichi ili alainike. Halafu lipo suala la firigisi, ambalo wanaume wa familia hawalitaji lakini wote wanalifikiria: wazee wenye haki ya kupewa firigisi siku hiyo watakuwa wengi kuliko inavyofaa, baba yangu na baba mkwe wakiwa wa kwanza, na mimi sitaki kuwa mtu wa kuamua nani atangulie. Kuku wa kisasa angeondoa tatizo la bei na la muda, lakini akipashwa moto mara mbili huachana na mifupa yake, na hakuna anayesafiri kutoka Ukerewe kwa ajili yake.

Nyama ya ng'ombe katika nchi ya Wasukuma haihitaji kutetewa, nayo hupatikana katika kila bucha. Tatizo lake ni kwamba hakuna anayeipinga na hakuna anayeisubiri kwa hamu. Ingefaa kwa pilau, lakini pilau tuliila nyumbani kwa wifi siku ya Idi, takriban majuma mawili kabla ya Pasaka hii, na wifi, ambaye ameolewa katika familia ya Kiislamu yenye asili ya Tanga, anapika pilau ambayo sioni sababu ya kushindana nayo mbele ya watu wale wale waliokwisha kuila. Nyama choma nayo, ambayo vijana waliishabikia, inahitaji uwanja na anga tulivu, na Aprili ni mwezi wa masika. Kuweka sikukuu nzima juu ya jiko lililo nje katika mwezi huo ni kamari.

Aliyebaki ni mbuzi, na nimeamua kwamba atapikwa mchuzi mzito tangu Jumamosi Kuu. Uamuzi huu hautokani na kukosa njia nyingine. Nyama ya mbuzi ni miongoni mwa vitoweo vichache ambavyo kuchelewa huviongezea thamani. Mafuta yake huganda haraka sana, kiasi kwamba anayekula polepole huyasikia yakishika kwenye kaakaa. Lakini mchuzi ukilala kwenye friji usiku mmoja, mafuta hayo hupanda juu na kuwa utando mgumu mweupe ambao unaondolewa kwa kijiko asubuhi, na kinachobaki chini ni mchuzi mzito, ulioshikana kwa sababu ya magoti na mifupa, wenye viungo vilivyokwisha kuingia ndani ya nyama. Mbuzi aliyepikwa na kuliwa siku ile ile hana sifa hiyo.

Kuchagua mbuzi mwenyewe ndiko kunakohitaji uangalifu. Beberu asiyehasiwa ana harufu ambayo tangawizi haiiondoi, inaificha tu hadi pale sufuria inapofunuliwa. Tumemwomba baba mkwe, anayeishi Magu na anayejua mifugo kuliko sisi sote, atutafutie aliyehasiwa, mwenye jozi moja au mbili za meno ya ukubwa, maana yake ana umri wa kati ya mwaka mmoja na miwili: si mchanga wa kuyeyuka jikoni wala si mzee wa kutafunwa hadi jioni. Mbuzi wa kilo 30 akiwa hai hutoa kilo 13 hadi 15 hivi za nyama pamoja na mifupa, mbali na utumbo, kichwa na miguu. Hiyo ni zaidi ya nusu kilo kwa kila mtu, na kwa kuwa watoto hawafikii kiwango hicho, tutabaki na ya Jumatatu ya Pasaka. Atachinjwa na mume wa wifi, kama ilivyo desturi yetu, ili kila anayeketi mezani ale bila kuuliza.

Mke wa shemeji wa Igoma ni Msabato, na hapo ndipo mpango ulipopata nguvu ambayo sikuitarajia. Mbuzi ni halali kwake, tofauti na kitimoto au kambale, lakini zaidi ya hilo ratiba ya imani yake na yangu zinakamilishana. Jumamosi mchana, yeye akiwa katika Sabato na haruhusiwi kazi, mimi nitakuwa jikoni. Jua likizama Sabato yake inakwisha, naye atashika mwiko, nami nitaoga na kwenda kwenye Mkesha. Jumapili asubuhi sisi tukiwa kanisani, yeye hana ibada, na atakuwepo kupasha mchuzi na kuwapokea watakaowahi. Nilipomweleza alicheka akasema, "Dada, kwa hiyo mimi ndiye mlinzi wa sufuria." Nilimjibu kwamba cheo hicho ni kikubwa kuliko cha mwenye nyumba.

Upishi wenyewe ni wa kawaida. Nyama inakatwa vipande pamoja na mifupa, inachemshwa kwa maji yake na tangawizi, kitunguu saumu na chumvi hadi karibu kuiva, ndipo inaunganishwa kwa vitunguu vilivyokaangwa vikageuka rangi, nyanya nyingi, binzari nyembamba na pilipili manga. Nazi sitaitia, kwa sababu huku inatoka mbali, bei yake ni ya kusafiri, na tui huchacha upesi kuliko mchuzi wa nyanya. Linalohitaji nidhamu ni kupoza. Sufuria kubwa ikiachwa imefunikwa jikoni usiku kucha hubaki vuguvugu kwa saa nyingi, na huo ndio ukarimu ambao vijidudu vinautafuta. Mchuzi utagawanywa katika sufuria pana, utawekwa ndani ya beseni za maji baridi hadi upoe, kisha utaingia kwenye friji. Asubuhi utachemka wote hadi katikati, si kupata moto pembeni tu.

Mama mkwe, ambaye alizaliwa Ukerewe na hakubali kwamba mlo bila samaki ni mlo, hatasahauliwa. Nimeagiza sato wanne wa kufugwa kwenye vizimba, ambao hulingana ukubwa na hivyo hakuna atakayelinganisha sahani, na watakaangwa yeye akiwa amekwisha kuketi, pamoja na ugali wa muhogo. Kisamvu cha karanga kitapikwa Jumamosi pia. Kachumbari ni kazi ya watoto wakubwa.

Wali utakuwa wa mwisho kabisa. Shemeji wa Geita amejitolea kuleta mchele, nami nimemsihi aulete siku chache kabla, si siku yenyewe. Mpunga wa kwetu huvunwa kuanzia Mei, kwa hiyo mchele wa Aprili ni wa mavuno ya mwaka uliopita, mkavu, unaokunywa maji mengi na kuchambuka punje kwa punje, na hauhitaji kubembelezwa. Utaingia jikoni pale tu tutakapopigiwa simu kwamba meli imefunga gati, kwa kuwa kutoka bandarini hadi Nyegezi, na foleni ya sikukuu ikiwamo, kuna muda wa kutosha kuupika na kuupalia makaa juu ya kifuniko.