Na ule wetu si walisema wa wote?

Mama hakuuliza kwa uchungu wala hakupandisha sauti, aliuliza tu vile anavyouliza bei ya nyanya sokoni, na pengine ndio maana swali lenyewe limekataa kunitoka. Wiki hii Baba Salma kaanza kazi mpya, Salma kang'oka jino, gari limerudi kutoka kwa fundi, alhamdulillahi kwa yote, lakini mimi hata usiku kazini nikibadilisha shuka za wagonjwa naisikia sauti yake, palepale mchangani Coronado, ufuo wa huku California.

Mnaokumbuka tulivyohangaika na ile viza ya mama ya kuja huku kutoka Mombasa mnajua nilikuwa nimemuahidi bahari. San Diego bahari haikosi ila nilitaka aone hii yenye Hotel del Coronado nyuma yake, lile jumba la mbao nyeupe na mapaa mekundu lililofunguliwa 1888, basi Jumapili tukavuka daraja, tukapaki, tukateremka na kikapu chetu cha mahamri na mbaazi. Mchanga wa pale mpana, una chembe za maika zinametameta juani. Salma akatoka mbio. Mama akasimama. Mbele yetu viti na miavuli ya hoteli imepangwa kwa mstari, akaitazama, kisha akaniuliza, "Hapa tumuombe nani ruhusa?"

Nikamwambia, "Hatuombi mtu, mama, ufuo huu wa wote, mpaka sheria imesema."

Akajifunga leso vizuri. "Na ule wetu si walisema wa wote?"

Nimelijibu hilo swali kichwani mara nyingi na kila jibu linaanguka. Maana ni kweli walisema. Katiba yetu ya Kenya ya 2010 imeandika kabisa kwamba ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Ya hapa California tangu 1879 inakataza mwenye kiwanja kando ya maji kuwazibia watu njia, na 1976 wakaongeza sheria nzima ya pwani. Karatasi zinafanana! Lakini mama wakati ule alikuwa akiuza mabuyu na achari ufuoni kule Mombasa, mimi niko darasa la nne namfuata na beseni dogo, na soja wa hoteli fulani akaja na rungu akamwambia ondoka hapa unasumbua wageni, mama anamwonyesha alama ya maji kwenye mchanga, baba si hapa bahari inafika, na yule soja akalipiga teke beseni. Achari zote mchangani. Tukaokota zile za kwenye vikaratasi tukarudi nyumbani, na hakuwahi kulisema tena, mpaka Jumapili hii alivyoniuliza hivyo, kwa sauti ya kawaida kabisa.

Mara wakapita vijana wa jeshi la majini wana mashua vichwani, wana kambi yao pale kusini mwa hoteli, mama akaanza kukusanya vitu, nikamshika mkono nikamwambia hao wako mazoezini. Halafu akaja kijana wa hoteli mwenyewe, sare na yote, na hapo nikamwona mama anafunika bakuli. Yule kijana akanyoosha mwavuli uliokuwa umeinama, akamwamkia kwa heshima, akaenda zake. Mama alimfuata kwa macho mpaka akapotea. Kisha akalifunua bakuli, akatandika leso ya pili, akakaa.

Wallahi sijamwona akila polepole hivyo miaka. Halafu kaingia baharini na dera lake, maji ya Pasifiki yakamgusa miguu akapiga ukelele, "Yallah, maji haya wameyatoa kwenye friji?", Salma akacheka mpaka akaanguka, na mama badala ya kutoka akazidi kwenda mbele, maji ya magoti, anatupungia mkono, leso imelowa yote. Kurudi kwenye gari ananiambia Jumapili tuje tena, na tukae palepale, tusisogee upande wowote.

Tutaenda inshallah. Kinachonikosesha usingizi leo ni dawa zake za presha, zinaelekea kuisha na tiketi ya kurudi bado mbali, cheti cha daktari wa Mombasa dukani hawakikubali, na bima tuliyomkatia ya safari nimeisoma usiku kucha sioni mahali panapotaja ugonjwa aliokuja nao. Mwenye kujua kliniki inayompokea mgeni asiye na bima ya hapa aniambie kabla ya Ijumaa.